Fomu ya Mtu Ambaye Hajaja

Mwombeki amenipa karatasi na penseli iliyotafunwa kisogo.
"Dada Nyamizi, anza na jina."
Nacheka. Miaka kumi na mitatu dirishani, mapokezi,
naanza na jina kila siku, saa moja na nusu asubuhi:
jina, umri, anakotoka, ndugu wa karibu,
namba ya simu ya ndugu.
Leo Jumamosi, Kijitonyama, juu ya duka la vigae,
naulizwa jina la mtu ambaye hajaumwa,
hajazaliwa, hajapanga foleni.

Naliruka. Nitalirudia.

Basi rusha dadu, wanasema.
Dadu zao hazina adabu: pande nne, pande nane,
na ile kubwa ya ishirini, rangi ya zabibu,
ambayo Kitwana hataki iguswe na mkono wenye mafuta ya chipsi.
Ya pande sita imepotelea chini ya kochi tangu Ramadhani;
tumeazima ya ludo kwa mtoto wa jirani.

Nguvu: sita.
Kitwana anapiga mluzi. "Huyu hata ndoo hainui."
Wepesi, tisa. Akili, kumi na moja, ya kupita tu.
Uvumilivu
(ncha ya penseli inakatika)
kumi na nane!
Meza nzima kelele, jirani anagonga ukuta.

Mtu wa namna hii atakuwa nani?
Upanga hauwezi. Uchawi unataka vitabu,
na dhahabu nilizopewa ni tatu.
Zulekha, ambaye hapa ni jitu lenye shoka
na siku za kazi ni mhasibu bandarini,
ananisihi: "Kuwa mganga, shoga. Sisi tunakufakufa sana."
Hapana. Waganga nawaona kutwa.

Namfanya mlinda lango.
Kitabuni hamna mlinda lango. Mwombeki anapekua,
anakuna kidevu, anasema haya, tutamtungia kanuni.
Silaha yake: funguo.
Ngao: mlango wenyewe, akiweza kuubeba.
Hawezi.
Anakotoka: bonde la mto unaonuka,
mji unaohama kila masika
na kurudi kila kiangazi, magodoro kichwani.
"Hiyo si Jangwani?" anauliza Kitwana.
Si Jangwani. Kule kuna joka chini ya daraja.
Wanafikiri kidogo. Hakuna anayebisha.

Halafu, chini kabisa ya karatasi, kisanduku:
Anaogopa nini?

Fomu zetu hazina swali hilo.
Tunauliza bima, tunauliza mzio,
tunauliza nani atalipa.
Jumanne mama mmoja alishika ukingo wa dirisha langu kwa vidole viwili,
akanitazama kama mtu niliyesahau kumrudishia chenji.
Nikasema, anayefuata.

Naandika: anaogopa kusema "anayefuata".
Nafuta. Naandika: giza.
Hapo hapo umeme unakatika,
wote wanacheka, wananilaumu mimi.
Zulekha anawasha tochi ya simu, anaiegemeza kwenye chupa ya maji,
na meza inakuwa pango la buluu,
na chips zilizobaki, mifupa ya waliotutangulia.

"Mmefika langoni," anasema Mwombeki
kwa ile sauti ya kuzimu
ambayo kesho kutwa itafundisha hesabu kidato cha pili.
"Usiku wa manane. Kuna mtu amesimama na funguo.
Mlinda lango, unaitwa nani?"

Kisanduku cha kwanza bado cheupe.
Miaka kumi na mitatu, na kule dirishani
hakuna aliyewahi kuinama akauliza.

"Komeo," nasema.
Sauti inatoka nzito kuliko yangu. Siirekebishi.
"Naitwa Komeo. Nyie ni akina nani, na mnatafuta nini saa hizi?"
Wananitazama. Kitwana anaisukuma kwangu dadu ya zabibu,
bila kukagua vidole vyangu.

Kabla sijairusha nachora pembeni, kwa ncha butu,
kisanduku ambacho karatasi yao haina.
Ndugu wa karibu.
Na namba za simu, tatu, ninazijua kwa moyo.